Haki ya Kivuli kwa Mchumia Juani



Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mchumia juani hulia kivulini. Ni methali ya matumaini. Inamwahidi mwenye jembe kwamba jua lina mwisho wake, na kwamba ng'ambo ya jasho kuna mahali pa kuketi na kula. Lakini ukipita katika vijiji vya wilaya yetu ya Chemba mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla mvua haijaanguka, utakutana na watu wengi wanaochumia juani bila kukiona kivuli hicho. Kuna wanaofyatua tofali na kupanga tanuru, wanaopasua mawe kuwa kokoto, wanaochimba mchanga katika mito iliyokauka, wanaong'oa visiki na kusafisha mashamba ya watu wengine wakisubiri msimu wa alizeti, mtama na uwele. Kuna akina mama na mabinti wanaobeba ndoo kutoka visimani, na watoto wanaochunga mifugo mchana kutwa. Wote hao tunawasalimu tukisema poleni na kazi, kisha tunapita.

Makala hii inataka tusimame kidogo kabla ya kupita. Nia yake ni kueleza kile ambacho jua linaufanyia mwili wa mtu anayefanya kazi nzito, namna ya kumwokoa aliyezidiwa, na kwa nini Mama Kanisa anafundisha kwamba maji, kivuli na mapumziko ni haki ya mfanyakazi. Tajiri anayevitoa hamfanyii kibarua wake hisani. Analipa deni.

Tofali ambazo hazikuhesabiwa

Ninaandika pia kwa sababu nimewahi kukosea katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja niliyokuwa nikihudumu, tulikuwa tukiandaa tofali za kujengea nyumba ya katekista. Nilipatana na vijana kumi na mmoja tuwalipe kwa idadi ya tofali. Niliona ni mapatano ya haki, kwa maana anayefanya zaidi hupata zaidi. Maji ya kunywa yalikuwa ndoo moja kwa wote, nayo ilikaa juani.

Siku ya pili, yapata saa nane mchana, kijana mmoja aliyekuwa mgeni katika kazi ile alianza kusema maneno yasiyoeleweka na kuyumba. Wenzake walicheka wakidhani amekunywa pombe. Kisha akaanguka. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipita ndiye aliyepiga kelele kwamba avuliwe shati, apelekwe chini ya mbuyu na kumwagiwa maji. Tulitumia maji yote yaliyokuwa ya kuchanganyia udongo. Akapata nafuu, tukampeleka zahanati, na kwa neema ya Mungu akapona. Alipozinduka vizuri, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama tofali zake za mchana ule, ambazo zilikuwa bado hazijahesabiwa, zingelipwa.

Swali lile sijalisahau. Kijana hakuwa ameulizia afya yake. Aliulizia hesabu niliyompangia mimi, na ni hesabu ile iliyomzuia kuketi kivulini tangu saa tano.

Mwili unavyojipoza

Mwenyezi Mungu ameumba mwili wa mwanadamu ukae na joto la ndani la takribani nyuzi 37 za Sentigredi, iwe kuna baridi au kuna jua. Joto hilo likipanda kwa nyuzi mbili au tatu tu, viungo huanza kuumia. Sasa, mtu anayefanya kazi ya nguvu ana moto wa aina mbili. Wa kwanza unatoka nje: jua la utosini, ardhi inayorudisha joto, na tanuru iliyo mbele yake. Wa pili unatoka ndani yake mwenyewe, kwa kuwa misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana anayelima huona joto kuliko anayemtazama, ingawa wote wawili wako chini ya jua lile lile.

Ili kuutoa moto huo, mwili hutumia njia kuu mbili. Moyo husukuma damu nyingi kuelekea kwenye ngozi ili ipoe, na ngozi hutoa jasho. Jasho lenyewe halipozi likidondoka chini. Linapoza linapokauka juu ya ngozi. Mtu mzima katika kazi nzito na joto kali anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, na wakati mwingine zaidi, pamoja na chumvi ambayo mwili unaihitaji.

Hapa ndipo ukavu wa nchi yetu unapotudanganya. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam hulowa jasho hadi shati ligande mwilini, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kwetu, hewa ni kavu na upepo huvuma, hivyo jasho hukauka mara linapotoka. Mtu hujiona mkavu, akadhani hajapoteza kitu. Alama inayobaki ni ile mistari myeupe ya chumvi mgongoni mwa shati jioni. Kiu nayo huchelewa kutoa taarifa. Mtu anapohisi kiu kali, mwili umekwisha kupungukiwa maji.

Damu iliyopungukiwa maji huwa kidogo, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kuigawa kwa misuli, ngozi, ubongo na figo kwa wakati mmoja. Ukifika mahali hauwezi, jasho halitoshi tena, na joto la ndani hupanda bila kizuizi.

Ngazi tatu za hatari

Madhara ya joto huja kwa ngazi, na kuzifahamu ni kuokoa maisha.

Ngazi ya kwanza ni *mkakamao wa misuli*. Miguu, mikono au tumbo hukaza kwa maumivu. Huo ni mwili unaolilia maji na chumvi. Mfanyakazi aache kazi, akae kivulini na anywe.

Ngazi ya pili ni *uchovu wa joto*. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hutokwa na jasho jingi, hulegea, na mkojo wake huwa mchache wenye rangi nzito kama chai ya rangi. Bado anajitambua. Akipumzishwa, akapozwa na kunyweshwa, kwa kawaida hurudi katika hali yake, lakini asirudi kazini siku hiyo.

Ngazi ya tatu ni *kiharusi cha joto*, na hii ni dharura ya kifo. Joto la ndani hufika nyuzi 40 au zaidi na ubongo huvurugika. Mtu huongea ovyo, hugombana bila sababu, huyumba kama mlevi, hupatwa na degedege au huzimia. Ngozi huwa ya moto. Inaweza kuwa kavu, au inaweza bado kuwa na jasho. Wengi wamekufa kwa sababu walio karibu walisema amelewa, amerogwa au amepandisha mashetani. Ndugu msomaji, mtu aliyekuwa juani akianza kuchanganyikiwa, chukulia kwanza kwamba ni joto.

Yapo pia madhara yasiyoonekana siku hiyo. Katika mashamba ya miwa ya Nicaragua na El Salvador, maelfu ya wakata miwa, wengi wao vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wamepatwa na ugonjwa sugu wa figo. Watafiti wameuhusisha ugonjwa huo na kazi nzito katika joto kali, siku baada ya siku, bila maji na mapumziko ya kutosha. Na pale El Salvador ambapo wakata miwa walipangiwa maji, kivuli na vipindi vya kupumzika, kiasi walichovuna kwa siku kiliongezeka. Hili nitalirudia mbele, kwa kuwa waajiri wengi huogopa kinyume chake.

Jambo hili si la watu wachache. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilieleza mwaka 2024 kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 duniani hukabiliwa na joto la kupita kiasi kazini kila mwaka, na kwamba takribani watu 19,000 hufa kwa majeraha yanayotokana nalo. Barani Afrika, shirika hilo linakadiria kuwa zaidi ya wafanyakazi tisa kati ya kumi wanaguswa na hatari hiyo.

Kwa nini mtu hapumziki?

Mtu anaweza kuuliza: kama mwili unatoa dalili zote hizo, kwa nini kibarua asikae tu chini ya mti?

Jibu liko katika namna tunavyomlipa. Anayelipwa kwa ekari, kwa tofali au kwa ndoo ya kokoto hujilipia mwenyewe kila dakika ya kupumzika. Kivuli kinamgharimu fedha. Baba mwenye watoto wanne, ambaye gunia la mahindi la nyumbani limekwisha tangu Septemba, hatakaa kivulini kwa hiari yake; atajisukuma mpaka mwili ukatae. Si kwamba hajui hatari. Amelazimishwa kuchagua kati ya figo zake na chakula cha jioni.

Tena aliye hatarini zaidi ni mgeni wa kazi. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya juani, na hujifunza polepole kutoa jasho mapema na kutunza chumvi. Uzoefu wa nchi zinazochunguza vifo vya namna hii umeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya joto kwa wafanyakazi wa nje hutokea katika siku chache za kwanza. Lakini ni desturi yetu kumpima mgeni siku ile ya kwanza, naye hutaka aonekane ana nguvu ili aitwe tena kesho.

Wazee waliotutangulia katika nchi hii ya kati walilijua jua kuliko sisi. Katika karne ya 19 wapagazi waliobeba pembe za ndovu na bidhaa walipita Ugogo kwa maelfu. Kwa kawaida misafara iliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Walipofika nyika ya Marenga Mkali, baada ya Mpwapwa, ambako hapakuwa na maji ya kunywa, walibadili utaratibu. Walikula na kunywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakalala nyikani, kisha wakaendelea kabla ya mapambazuko hadi kwenye maji. Mwendo huo wa alasiri wasafiri waliuandika kwa jina la terekeza. Biashara ile ilikuwa na ukatili mwingi, wala hatuisifu. Hata hivyo, watu wale waliobeba mizigo mizito vichwani walipanga saa zao kwa kulifuata jua. Sisi tuna saa mkononi na simu mfukoni, na bado tunawalimisha watu saa saba mchana.

Mashamba mawili ya shayiri

Maandiko Matakatifu yanalifahamu jambo hili vizuri. Katika Kitabu cha Yudithi (8:2-3) tunasoma kwamba Manase, mumewe Yudithi, alikufa wakati wa mavuno ya shayiri. Alikuwa amesimama shambani akiwasimamia wafunga miganda, joto likampiga kichwani, akalala kitandani na kufa katika mji wake wa Betulia. Tafakari hilo: Manase alikuwa tajiri, mwenye dhahabu, watumishi na mifugo. Alikuwa amesimama tu, na jua likamuua. Je, wale waliokuwa wameinama wakifunga miganda walikuwa katika hali gani? Kitabu hakituambii, kama ambavyo mara nyingi hata sisi hatuandiki popote majina ya vibarua wetu.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme (4:18-20) kuna mtoto wa mama Mshunami. Alimfuata baba yake kwa wavunaji, akalia kwamba kichwa kinamuuma, akabebwa hadi kwa mama yake, na ilipofika adhuhuri akafia mapajani mwake. Maandiko hayataji ugonjwa, ila wafafanuzi wengi wameona hapo pigo la jua. Nabii Elisha alimwombea akafufuka. Watoto wetu wanaochunga na kupalilia hawana Elisha katika kila shamba.

Lakini lipo shamba jingine la shayiri, la Boazi kule Bethlehemu. Ruthu alikuwa maskini, mjane na mgeni. Boazi alimruhusu, akiona kiu, aende kunywa katika vyombo ambavyo watumishi walikuwa wameteka maji. Wakati wa kula alimkaribisha aketi pamoja na wavunaji, akala akashiba. Msimamizi naye alitaja kwamba Ruthu alikuwa amepumzika kidogo kibandani (Rut 2:7-14). Maji yaliyotekwa tayari, chakula cha mchana, mahali pa kupumzika: hayo yote yalikuwepo shambani mwa Boazi, na mavuno yake hayakupungua.

Bwana wetu Yesu Kristo, katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mt 20:1-16), anawaleta mbele yetu watu waliostahimili mzigo na joto la siku nzima. Mwenye shamba hakubisha kwamba joto lilikuwepo. Na tuangalie alivyolipa: alilipa dinari, ujira wa siku, unaomwezesha mtu kuishi. Hakulipa kwa kikapu.

Juu ya msingi huo Mama Kanisa amejenga Mafundisho Jamii yake. Papa Leo XIII, katika waraka *Rerum Novarum* wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba si haki wala si utu kumtwika mtu kazi hadi akili ififie na mwili uchakae. Akaeleza kuwa urefu wa kazi upimwe kwa kuangalia aina ya kazi, mahali, afya ya mfanyakazi na hata majira ya mwaka, kwa sababu kazi iliyo nyepesi katika majira fulani huweza kuwa isiyovumilika katika majira mengine. Mafundisho hayo yana zaidi ya miaka 130, lakini yanaihusu Novemba ya Chemba moja kwa moja. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika *Laborem Exercens* ya mwaka 1981, aliongeza kwamba mfanyakazi ana haki ya kupumzika na haki ya mazingira ya kazi yasiyodhuru afya yake. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikifuata Kumbukumbu la Torati na Waraka wa Yakobo, inaiweka dhuluma dhidi ya mfanyakazi wa ujira miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko mbali na mafundisho hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri kumpa mapumziko ya walau dakika 60 mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Anayesema kwamba kibarua wa siku moja hana haki yoyote anajidanganya mwenyewe.

Yatupasayo kufanya

*Kwa anayeajiri*, awe mkulima, fundi mkuu, kamati ya ujenzi au paroko:

Kazi nzito ianze alfajiri na isimame kuanzia yapata saa tano hadi saa tisa mchana katika miezi ya joto kali. Inaweza kuendelea jioni. Maji safi yawekwe kivulini, karibu na watu, ya kutosha kila mmoja kunywa kikombe kimoja kila baada ya robo saa hadi dakika ishirini. Pasipo na mti, ijengwe banda la nyasi au turubai. Mgeni wa kazi apewe sehemu ndogo siku ya kwanza na kuongezewa polepole. Na muda wa mapumziko uingizwe katika bei: ama ulipe kwa siku, ama ukilipa kwa kipande, bei iwe kubwa kiasi kwamba aliyepumzika asilale njaa. Usipofanya hili la mwisho, mengine yote yatabaki maneno. Usiogope hasara. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya Afya na ya Hali ya Hewa yalieleza mwaka 2025 kwamba uwezo wa mtu kufanya kazi hupungua kwa asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi inayozidi 20, kwa kipimo kinachounganisha joto, unyevu, jua na upepo. Kumlazimisha mtu kulima saa saba ni kununua kazi kidogo kwa afya nyingi.

*Kwa mfanyakazi mwenyewe:* kunywa kabla ya kiu. Vaa nguo pana, nyepesi, zenye mikono mirefu, na kofia yenye ukingo. Usinywe pombe ya kienyeji mchana, maana huzidi kukausha mwili. Uji mwepesi au togwa ni bora. Jihadhari na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ukiwa umekaukiwa maji, kwani huweza kuumiza figo. Jasho likiwa jingi, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, unywe taratibu.

*Kwa aliyezidiwa:* kumbukeni, mpozeni kwanza, msafirisheni baadaye. Mtu aliyechanganyikiwa au kuzimia apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa bila kukoma. Vitambaa vibichi viwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Asinyweshwe chochote kwa nguvu akiwa hajitambui. Wakati huohuo atafutwe usafiri wa kumpeleka kituo cha afya, na kupozwa kuendelee njiani.

Mvua zinapoanza, kumbukeni pia radi. Mti ule uliotuokoa na jua Novemba huweza kuua Januari. Mawingu yakinguruma, ondokeni chini ya mti ulio peke yake na kuingia ndani ya nyumba.

*Kwa mambo ya ibada:* Kwaresima yetu huangukia mara nyingi wakati wa palizi. Mfungo wa Kanisa haumkatazi mtu kunywa maji, na kwa desturi ya Kanisa mwenye kazi nzito ya mwili anaweza kusamehewa mfungo wa chakula. Azungumze na paroko wake. Na kwa kuwa katika wilaya yetu tunaishi na ndugu zetu Waislamu wengi, mwajiri Mkatoliki mwenye vibarua waliofunga Ramadhani awapangie kazi za alfajiri na kuwaachia mapema. Kuheshimu mfungo wa jirani namna hiyo ni ushuhuda wa Injili.

*Kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo:* wiki hii, kabla ya kusali, kila jumuiya iulizane maswali mawili. Nani kati yetu anafanya kibarua juani, na je, mahali pake pa kazi pana maji na kivuli? Nani kati yetu ameajiri, na analipaje? Maswali haya yataleta aibu kidogo kwa baadhi yetu. Yaliniletea aibu mimi pia.

Tofali za kijana yule tulizilipa, zilizohesabiwa na zisizohesabiwa. Tangu hapo, kila ujenzi ninaousimamia huanza kwa kutafuta mti au kujenga banda kabla ya jiwe la kwanza, na vibarua hulipwa kwa siku. Kazi imekuwa ikikamilika. Lakini deni langu kwake halikwishia kwenye fedha, na sehemu ya deni hilo ndiyo makala hii.

Tarehe 15 Mei, siku ile ile ulipotolewa waraka wa Papa Leo XIII, hukumbukwa pia Mtakatifu Isidori Mkulima, kibarua aliyelima shamba la bwana mmoja karibu na Madrid, Hispania, na kutangazwa mtakatifu mwaka 1622 pamoja na Inyasi wa Loyola na Teresa wa Avila. Kanisa limemweka kibarua wa shamba kwenye altare zake. Basi tusimwache kibarua wa shamba letu aanguke mbele ya macho yetu kwa kukosa kikombe cha maji na saa moja chini ya mbuyu.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi na Mtakatifu Isidori Mkulima, mtuombee.